Daktari wa Mee

Kabla ya kusalimia mtu yeyote, alikuwa ananusa kinyesi. Akifika shambani na pikapu yake kuukuu alishuka, akaingia moja kwa moja katika zizi la kuzalia, akapiga goti moja kwenye nyasi kavu, akainua mkia wa mwana-kondoo na kunusa. Kisha alisimama, akapangusa goti, akasema, "Haya, habari za asubuhi, watu wangu." Siandiki hivi ili kumcheka. Vijana wa shamba ndio waliomcheka na kumpa jina la Daktari wa Mee, na mimi nilicheka nao mara kadhaa, kwa hivyo siwezi kujitenga nao sasa.

Mimi sikusoma sana, niliishia darasa la sita. Huwa naandika mambo ya siku tu: mvua, nani anaumwa, nani amepiga simu. Sijui kama mtu wa aina yangu anaweza kumweka mtu mwingine kwenye karatasi bila kumpunguza au kumwongeza. Lakini karibu mwaka huu wote wa 2008 mzee huyo aliishi akiamini kwamba mjukuu wangu Wambui alikufa kwa sababu ya neno lake. Mimi nilijua Wambui hakufa. Nilikuwa naye hapa Lanet, nje kidogo ya Nakuru, akila, akilia, akinivuta nywele. Na bado sikwenda kumwambia, kwa sababu nikimwambia Wambui yuko hai ingebidi nimwambie na jambo lingine. Nitalifikia. Kwanza nataka aonekane alivyokuwa, kwa maana nikianza na lile, hakuna atakayemwona tena.

Alikuwa Mhindi wa mjini Nakuru, Singasinga. Kilemba chake cha kazi kilikuwa cha kijivu ili uchafu usionekane, na ndevu zake alizifunga kwa wavu mwembamba ili wana-kondoo wasizinyonye. Nilipoanza kazi kule Mau Narok alikuwa tayari amestaafu serikalini, anazunguka mashamba kwa gari lake. Shamba letu lilikuwa la ngano na viazi, na mteremko wa juu, ambao trekta halingeweza kuulima, uliachiwa kondoo. Kazi yangu ilikuwa kulea wale wasio na mahali: yatima, waliokataliwa, na wale wanaozaliwa watatu ilhali mama ana chuchu mbili.

Alikuwa na lugha tatu na alizigawa. Kizungu kilikuwa cha mwenye shamba, Kiswahili chetu sisi, na kile Kipunjabi chake kilikuwa cha kondoo aliye na uchungu wa kuzaa. Sikuelewa neno hata moja, lakini sauti ilikuwa ya mtu anayembembeleza dada yake. Kondoo walipata maneno mazuri kuliko sisi sote. Sisi tulipata, "Wewe, hiyo chupa umeosha na nini? Matope?"

Nyama hakula. Maisha yake yote yalikuwa kondoo na hakuwahi kuonja hata supu. Krismasi moja mwenye shamba alitupa dume mmoja, tukachoma, na yeye akaja akaketi nasi na kikombe chake cha chai, akitazama kwa makini tulivyokuwa tunachuna.

"Huyo ini lake ni safi," alisema. "Kuleni bila wasiwasi."

Kiprono, mchungaji mwenzangu, alimnyooshea mbavu. "Daktari, hata kipande kidogo? Hakuna mtu atasema nyumbani kwako."

"Mimi nilimzalisha huyu. Wewe unaweza kula mtu uliyemzalisha?"

Kiprono alifikiri. "Inategemea nimekaa njaa muda gani."

Daktari alicheka mpaka chai ikamwagika. Nataka hilo likumbukwe, kwamba alikuwa anajua kucheka.

Lakini hakuwa mtu rahisi. Aliniliza siku moja kwa ajili ya chupa chafu, mbele ya vijana, na alikuwa na haki kuhusu chupa lakini hakuwa na haki kuhusu maneno. Samahani hakuijua. Katika miaka yote hiyo sikumsikia akiitamka. Akikosea alifanya kazi. Siku ile ya chupa aliondoka, akarudi jioni kutoka mtaa wa Bondeni, mjini, na kreti la chupa tupu za soda na brashi ndefu, akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa akaziosha zote mwenyewe, moja moja, bila kunitazama. Nilielewa. Nilimletea maji ya moto.

Mwana-kondoo aliyelegea hakumpima joto kwanza. Alinawa mikono, akamwingizia kidole kidogo kinywani. "Baridi," alisema. "Huyu anatuaga." Au, "Moto. Bado ni wetu." Hata leo siwezi kumbeba mtoto mgonjwa bila kidole changu kutaka kwenda mdomoni mwake.

Na akifa mmoja, hakukubali azikwe kabla hajauliza, "Huyu ni wa nani?" Alitaka kuonyeshwa mama. Kama hatukumjua, tulizunguka zizini mpaka tumpate yule mwenye kiwele kilichojaa anayeita bila kujibiwa. Kiprono aliona tunapoteza wakati.

"Daktari, huyu ameshaenda. Hata tukimpata mama yake, tutamwambia nini?"

"Hutamwambia kitu. Lakini ukipita karibu yake utajua unapita karibu ya nani."

Baadaye alinieleza sababu ya kazi: mama aliyefiwa huenda ana ugonjwa wa kiwele, huenda hana maziwa, lazima akaguliwe. Pengine hiyo ndiyo iliyokuwa sababu ya kweli. Mimi nimeikumbuka ile ya kwanza.

Msimu wa mvua ndefu wa 2007 wana-kondoo walianza kuendesha. Walizaliwa wakiwa wazima, wakanyonya, wakaruka, halafu siku ya pili au ya tatu maji ya njano yakaanza kuwatoka, macho yakaingia ndani, miguu ikalala. Mwenye shamba alitaka wadungwe sindano wote. Daktari alikataa. Alikusanya kinyesi kwenye vichupa, akakipakia kwenye barafu, akakipeleka kwenye maabara mwenyewe. Jibu liliporudi alitukusanya kando ya zizi.

"Ni kirusi," alisema. "Sindano ya mwenye shamba haiwezi kukifanya kitu. Hiki ni ndugu ya kile kinachoharisha watoto wenu. Kondoo ana chake, ng'ombe ana chake, mtu ana chake, lakini ukoo ni mmoja. Hapa hakuna mtu ambaye hakukipata akiwa mdogo. Mliokaa hapa ni wale mliopona."

Mimi nilimkumbuka ndugu yangu mdogo, yule aliyenifuata, ambaye nyumbani tuliambiwa alikufa kwa meno kuota.

Alimshawishi mwenye shamba aagize kutoka ng'ambo chanjo ya ng'ombe, kwa kuwa ya kondoo yenyewe haikuwepo. Ilikuja kwenye boksi la baridi, naye aliibeba kama yai. Tulishangaa alipoanza kuwachanja kondoo wenye mimba.

"Wanaougua ni watoto," nilimwambia. "Mbona unawadunga mama zao?"

"Mama Muthoni, mtoto anazaliwa leo, kesho kutwa anaugua. Chanjo itafanya kazi saa ngapi? Mchanje mama. Mama atatengeneza kinga, ataiweka kwenye maziwa, mtoto atainywa. Inakaa hapa." Alijigusa tumbo. "Kama askari kwenye geti. Leo askari yuko, kesho yuko. Siku maziwa yakikosa, geti liko wazi." Kisha akasema lile neno alilolirudia mpaka vijana wakaliimba: "Maziwa ndiyo sindano."

Yale maziwa ya kwanza kabisa, mazito na ya njano, dang'a, tuliyakamua kidogo kutoka kwa kondoo wakubwa waliochanjwa na kuyatia kwenye zile chupa za soda kwa ajili ya mayatima wangu. Friji ilikuwa moja tu, ya jikoni kwa mwenye shamba. Siku moja mpishi aliikosea chupa akapikia wageni chai ya dang'a. Daktari alipoambiwa aliuliza swali moja tu: kuna mgeni ameharisha? Hakuna. "Mnaona," akasema. "Inafanya kazi."

Kuna siku pia alituambia, tukiwa tumekaa na chupa na mayatima mapajani, kwamba katika nchi moja ya mbali kule mashariki wamekichukua kirusi cha mwana-kondoo, wakakidhoofisha kisiweze kuumiza, wakawapa watoto wa watu kama tone la mdomoni. Tumbo la mtoto linamzoea yule mdogo asiye na nguvu, na yule mkali akija anakuta anajulikana. Kwingine wametumia cha ng'ombe. Hapa kwetu bado, alisema, lakini itafika, labda yeye hataiona.

"Halafu mtoto anaanza kulia mee," alisema Kiprono.

"Analia mee," Daktari alisema. "Lakini analia."

Sasa niandike kuhusu kanuni yake nyingine, na niiandike sawasawa. Mwana-kondoo aliyekwisha kuanza kuendesha alimtoa kwa mama. Kutwa nzima, mpaka kesho yake, hakuna maziwa, ni maji yaliyochemshwa yenye chumvi na sukari tu. Tumbo lipumzike, alisema. Ndivyo alivyofundishwa akiwa kijana, ndivyo alivyofanya miaka yote, na wengi walipona mikononi mwangu. Wengine hawakupona. Hizo kanuni mbili zilikaa pamoja katika zizi moja, ya kwamba maziwa ndiyo sindano na ya kwamba mgonjwa anyimwe maziwa, na hakuna kati yetu aliyeona kwamba zinapigana. Sisemi alipaswa kuona yeye peke yake. Mimi ndiye niliyewashika wale waliokuwa wakilia wakitaka kurudi.

Na alikuwa na mpaka ambao hakuuvuka. "Mimi si wa watu," alisema. Kiprono alipojikata mkono na mabati, damu ikiruka, Daktari alikuwa na sindano na uzi mkononi. Aliviweka chini. Akamwacha kondoo mwenye uchungu na mimi, akampakia Kiprono kwenye pikapu na kumpeleka hospitali ya mjini, safari ndefu ya kuteremka. Kiprono alimlaumu njia nzima.

"Ningekushona vizuri kuliko wao," alimjibu. "Lakini wewe si kondoo."

Mwisho wa mwaka ule kulikuwa na uchaguzi, na baada ya uchaguzi kila mtu wa huku anajua kilichokuja. Sitaki kuandika nani alimfanya nani nini. Tuliondoka Mau Narok juu ya lori la viazi, mimi na binti yangu Muthoni na Wambui ambaye alikuwa na miezi michache, tukawekwa kwenye mahema katika uwanja wa maonyesho pale Nakuru. Kiprono alibaki, kwa kuwa kwake kubaki kulikuwa salama, na niseme kwamba yeye ndiye aliyetupakilia blanketi zetu.

Daktari alikuja kututafuta. Alipita hema kwa hema na kilemba chake cha kijivu akiuliza, "Watu wa kondoo wako wapi?" Watu walidhani ni mzaha. Alitupata kando ya ua wa waya. Alileta unga, sukari, chumvi na sabuni, akavishusha bila kusema pole. Nilijua ndiyo pole yenyewe.

Wakati huo kuhara kulikuwa kumeingia mahemani. Wambui alikuwa ameanza asubuhi. Katika hema la pembeni yetu alikaa msichana anayeitwa Nyambura, na mtoto wake wa kwanza alikuwa ameanza jana yake. Foleni ya hema la matibabu ilizunguka mpaka nyuma ya vyoo.

"Daktari, mwangalie," nilimwambia.

"Mimi si wa watu. Mpeleke kwenye foleni."

"Foleni hiyo unaiona. Umewaponya wangapi nikiwa nimekushikia taa? Huyu ni mdogo kuliko kondoo."

Aliangalia kando. Nilishika mkono wake. Sikuwahi kumshika mkono kabla ya siku hiyo. Nilimwambia, "Sema tu ungefanya nini kama angekuwa wetu wa zizini." Nyambura alikuwa amesimama pale na wake mgongoni, akisikiliza.

Akasema. Maji yachemshwe, sukari kiasi hiki, chumvi kidogo hivi, kijiko baada ya kijiko, bila kuacha hata mtoto akitapika. Hilo lilikuwa sahihi, muuguzi alikuja kulithibitisha. Halafu akasema, "Na ziwa mtoe mpaka kesho. Tumbo lipumzike."

Nilirudi hemani nikiwa na furaha, nikamwambia Muthoni, na nikamsaidia Nyambura kuwasha jiko. Tulichemsha sufuria moja tukagawana.

Mtoto wa Nyambura alikufa kesho yake, asubuhi, akiwa amelazwa kwenye hema la matibabu. Nasema tena, alikuwa ameanza mapema kuliko Wambui. Muuguzi, nilipomuuliza baadaye, aliniambia kwamba mtoto asiachishwe ziwa kamwe anapoharisha, maziwa ya mama ndiyo yanamshika. Lakini aliniambia pia amewaona waliokuwa wakinyonya na bado wakaenda. Nayaandika yote mawili kwa sababu aliyasema yote mawili.

Wambui alipona. Siku ya kumzika yule mdogo nilikuwa nikimwambia Muthoni kwamba tumshukuru Mungu na Daktari, akanikata.

"Mathe, mimi nilimnyonyesha."

"Lini?"

"Ulipoenda foleni ya maji. Na ulipoenda kuni. Kila ukitoka. Alikuwa analia, na mimi titi linaniuma, ningefanyaje? Hiyo ni mambo ya kondoo."

"Ungemwambia Nyambura."

"Angekuambia wewe," alisema Muthoni. Hakusema kwa ubaya.

Daktari alirudi siku hiyohiyo ya maziko. Sikumwona. Baadaye sana niliambiwa alifika getini, akasikia kwamba mmoja wa wale watoto wa kando ya ua amekufa, mtoto wa mwanamke aliyekuwa wa Mau Narok kwenye kondoo. Watu walikuwa wametuchanganya. Alisimama kidogo, akageuza gari.

Kiprono ndiye aliyenipigia simu, miezi baadaye, tukiwa tumeshapanga chumba hapa Lanet.

"Mama Muthoni, pole sana kwa mtoto."

"Mtoto gani?"

"Daktari haji tena. Ameacha kondoo kabisa, vyombo vyake amewapa wengine. Aliniambia mjukuu wako alikufa na ni yeye alimuua. Kumbe yuko?"

"Yuko. Huyu hapa anapiga sufuria."

"Basi si uende umwambie? Huyo mzee anaisha."

Nilisema nitaenda. Nilisema hivyo mwezi baada ya mwezi. Ningeweza kwenda na Wambui, nikasema, tazama, huyu hapa, nikarudi nyumbani. Angefurahi. Angeamini kwamba dawa yake ilimponya, angerudi kwa kondoo, na siku nyingine mahali pengine mwanamke angemshika mkono. Au ningemwambia yote, nimpe mtoto aliye hai na nimpe na aliyekufa, siku moja. Sikuona nina haki ya kufanya lipi. Nyambura mwenyewe anaishi Bondeni sasa, anauza nyanya na vitunguu mbele ya zile nyumba za zamani za baraza la mji. Mimi hununua nyanya mahali pengine.

Nilienda wiki iliyopita. Wambui anasimama sasa akishikilia kitu. Nilimbeba mgongoni mpaka nyumba ya Daktari, ambayo ina veranda na vyungu vya maua vilivyokauka. Alikuwa ameketi na chai, amevaa kilemba cheupe, ndevu hazijafungwa. Alinifahamu kabla sijafungua geti. Akasimama, akaanza kusema, "Mama Muthoni, mimi siku ile..." halafu kichwa cha Wambui kikatokea begani kwangu.

"Huyu ni wa nani?" aliuliza.

"Wa Muthoni. Ndiye yeye."

Aliingia ndani, nikasikia maji yanatiririka. Akarudi mikono imelowa, akampokea Wambui, akambeba kama wanavyobebwa wale wetu, mkono chini ya kifua, akamwingizia kidole kidogo mdomoni. Wambui akamuuma. Ana meno manne.

"Moto," alisema Daktari. Akacheka, na huo mcheko ukageuka kuwa kitu kingine, na nikaangalia maua. Wambui aliogopa ndevu akaanza kulia.

"Analia," akasema. "Sikia anavyolia."

Nilidhani basi, nimemaliza, naweza kumwacha hapo. Namwambia ukweli huyu anayesoma: nilikuwa nimeshasimama niende. Lakini yeye ni mtu wa kazi, na mtu wa kazi lazima aulize.

"Kwa hivyo mlimtoa ziwa na akarudi vizuri? Alichukua siku ngapi kupata nguvu?"

Nikakaa tena. Nikamwambia kwamba hatukumtoa. Mama yake alimnyonyesha kila nilipompa mgongo. Nikamwambia kuhusu Nyambura, ambaye alikuwa amesimama pale, ambaye alifuata kama alivyosema. Nikamwambia alichosema muuguzi, pande zote mbili, na kwamba yule wa Nyambura alianza mapema, na kwamba ni mimi niliyemlazimisha aseme. Niliyasema yote, na hata nilipokuwa nikiyasema sikujua kama nayasema kwa sababu ni kweli au kwa sababu nimechoka kuyabeba peke yangu. Bado sijui.

Alimweka Wambui chini ashikilie kiti.

"Maziwa ndiyo sindano," alisema, polepole, kama mtu anayesoma kitu kilichoandikwa na mwingine. "Miaka yote nawaambia nyinyi. Askari yuko getini. Halafu mwizi anakuja na mimi ndiye namwambia askari, nenda upumzike."

"Daktari, ulifundishwa hivyo."

"Ndiyo. Nilifundishwa." Hakulikubali kama kisingizio, alilikubali tu kama jambo lililotokea. "Yule mtoto jina lake nani?"

Tulilala tumepakana mahema wiki kadhaa. Nilikuwa nimechemsha maji yake. Sisi sote tulisema tu mtoto wa Nyambura.

"Sijui," nilisema.

Aliniangalia, si kwa hasira. Afadhali ingekuwa ile hasira ya siku ya chupa. Akaingia ndani, akatoka na funguo na kile kilemba cha kijivu kichwani.

"Twende tukaulize."

Pikapu ilikuwa na harufu ileile. Nilikaa mbele na Wambui mapajani mpaka Bondeni. Nilimwonyesha kwa mbali. Aliegesha upande wa pili wa barabara, akasema nibaki na mtoto. Nyambura alikuwa na wateja wawili. Daktari hakujipitisha mbele, alisimama nyuma yao na mikono mbele, akangoja zamu yake kama mtu anayetaka vitunguu. Walipoondoka akasogea. Nikamwona anasema. Sikusikia anasema nini, na sidhani nilistahili kusikia. Nyambura alikuwa ameshika nyanya, akaendelea kuishika. Alisema neno moja, fupi. Daktari akainamisha kichwa na midomo yake ikalirudia.

Halafu alinyoosha mkono kuelekea gari, na Nyambura akageuka kutazama.

Nilimteremsha Wambui haraka miguuni pangu, chini ya kioo, asionekane. Ndivyo nilivyofanya, siwezi kuandika vingine. Nikakaa nikitazama mbele, mkono wangu kichwani pake. Lakini hakukubali. Aliusukuma mkono, akashika kiti, akapanda mpaka akasimama wima, akaweka viganja vyote viwili kwenye kioo, upande wa Nyambura.